Rangi ya Nyama na Macho ya Mnunuzi

Mapema mwaka 2023 kampuni ya Sainsbury's, ambayo ni mojawapo ya makampuni makubwa ya supamaketi nchini Uingereza, ilibadili namna ya kufungasha nyama yake ya ng'ombe ya kusaga. Hadi wakati huo nyama hiyo ilikuwa ikiuzwa katika kisinia cha plastiki kilichofunikwa kwa utando mwangavu, nyuzi zake zikiwa zimelala kwa ulegevu na rangi yake ikiwa nyekundu ya kupendeza. Badala yake ikaletwa pakiti bapa, ngumu kama tofali dogo, ambayo hewa yote ilikuwa imefyonzwa. Kampuni ilieleza kwamba pakiti mpya inatumia plastiki pungufu kwa asilimia 55, na kwamba kwa hesabu yake tani 450 za plastiki zingeokolewa kila mwaka. Ingetarajiwa kwamba habari hiyo itapokewa kwa shangwe, kwa kuwa wingi wa plastiki madukani ni jambo ambalo wananchi wa Uingereza wamelilalamikia kwa miaka mingi. Haikuwa hivyo. Wanunuzi walikuja juu. Baadhi yao walisema nyama imegeuka rojo. Wengine waliifananisha na figo ya binadamu, au na kitu cha hospitalini.

Ni rahisi kuyacheka malalamiko hayo. Nyama ilikuwa ileile, na ukilinganisha pakiti hizo mbili kwa vipimo vya maabara, iliyofyonzwa hewa ndiyo inayodumu zaidi kabla ya kuharibika. Hata hivyo, mnunuzi wa nyama anastahili kusikilizwa kabla ya kuchekwa, maana hali yake ni ya pekee. Ananunua kitu ambacho hawezi kukijua hadi atakapokila. Haruhusiwi kukionja. Hawezi kukinusa, kwa kuwa plastiki imezuia harufu. Amebakiwa na macho tu, na macho hayo yamefundishwa kusoma alama moja: nyama nyekundu ni nzuri, na isiyokuwa nyekundu ina kasoro. Muuzaji anapoibadili pakiti, anakuwa ameifuta alama hiyo bila kumpa mnunuzi nyingine badala yake. Basi ni vyema kuuliza rangi hiyo hutoka wapi, inasema nini hasa juu ya nyama, na ni nani aliyemfundisha mnunuzi kuiamini kiasi hicho.

Rangi isiyotokana na damu

Watu wengi hudhani kwamba wekundu wa nyama ni wekundu wa damu. Dhana hiyo si sahihi. Mnyama aliyechinjwa na kuning'inizwa vizuri hupoteza sehemu kubwa ya damu yake, na ile inayobaki huchangia rangi kwa kiasi kidogo tu. Rangi ya nyama hutokana hasa na protini iitwayo mioglobini, ambayo imo ndani ya msuli wenyewe na ambayo kazi yake wakati wa uhai ni kuhifadhi oksijeni kwa ajili ya matumizi ya msuli. Msuli unaofanya kazi nyingi huwa na mioglobini nyingi. Ndiyo sababu paja la kuku ni jeusi kuliko kidari chake, nyama ya ng'ombe ni nyekundu kuliko ya kuku, na nyama ya ng'ombe mzee ni nyeusi kuliko ya ndama. Umbo la protini hii lilifumbuliwa na John Kendrew na wenzake huko Cambridge mwaka 1958, kwa kutumia mioglobini ya nyangumi. Ilikuwa ndiyo protini ya kwanza duniani kujulikana umbo lake, na kwa kazi hiyo Kendrew alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1962 pamoja na Max Perutz, aliyechunguza himoglobini ya damu.

Katikati ya kila molekuli ya mioglobini kuna atomu moja ya chuma. Atomu hiyo ndiyo yenye kuamua rangi. Ikiwa hakuna oksijeni karibu yake, mioglobini huwa na rangi ya zambarau iliyokoza. Oksijeni ikiwa tele, atomu ya chuma huishika, na rangi hugeuka kuwa nyekundu angavu. Lakini ikiwa chuma hicho kitapoteza elektroni yake moja, hakiwezi tena kushika oksijeni, na rangi huwa ya hudhurungi. Mioglobini ya hali hii ya tatu huitwa metimioglobini.

Msomaji anaweza kulithibitisha jambo hili jikoni kwake bila chombo chochote cha maabara. Na achukue pande nene la nyama ya ng'ombe na kulikata katikati. Upande wa ndani, ambao haujawahi kuguswa na hewa, utaonekana mweusi wenye zambarau. Aliache pande hilo likiwa wazi kwa muda wa dakika 20 au 30, kisha alitazame tena: litakuwa limeiva wekundu kama lile la dukani. Hakuna kilichoongezwa ila hewa, wala nyama haikuwa bora zaidi baada ya nusu saa kuliko ilivyokuwa mwanzo. Pakiti zilizofyonzwa hewa zina nyama iliyo katika hali ile ya kwanza, na zikifunguliwa huwa nyekundu vivyo hivyo.

Hudhurungi ndiyo yenye kuleta ugomvi. Ajabu ya kemia ya mioglobini ni kwamba hali hii haitokei upesi mahali penye oksijeni nyingi, wala mahali pasipokuwa nayo kabisa; hutokea upesi zaidi mahali ambapo oksijeni ipo kidogo tu. Hali hiyo ndiyo hupatikana katikati ya furushi la nyama ya kusaga. Juu, nyama inagusana na hewa na inakuwa nyekundu. Ndani, hewa inafika kwa shida na nyama inakuwa hudhurungi. Mnunuzi anapofika nyumbani na kulivunja furushi, huona nje kwekundu na ndani kahawia, na mara moja hushuku kwamba muuzaji ameficha nyama ya jana chini ya nyama ya leo. Inawezekana kwamba wako wauzaji wafanyao hivyo. Lakini nyama iliyosagwa asubuhi hiyohiyo kutoka pande moja nayo itaonyesha alama hiyo.

Haimaanishi kwamba rangi ni upuuzi mtupu. Kadiri nyama inavyokaa, uwezo wake wa kuirudisha metimioglobini katika hali ya kwanza hupungua, na bakteria wanaozaliana juu yake huitumia oksijeni na kuharakisha hudhurungi. Kwa hiyo nyama iliyokaa sana huwa kahawia, na macho ya mnunuzi hayadanganyiki kila mara. Kasoro ni kwamba nyama huweza kuwa kahawia ikiwa nzima kabisa, na huweza kuwa nyekundu ikiwa imejaa vijidudu. Alama ipo, ila ni dhaifu. Nayo hupewa uzito kuliko uwezo wake.

Somo lililotolewa na muuzaji

Mtu aliyenunua nyama kwa mchinjaji anayemjua hakuwa na haja kubwa ya kuitegemea rangi. Alimtazama mchinjaji usoni, akauliza, akachagua kipande, na akakiona kikikatwa. Mambo yalibadilika pale maduka ya kujihudumia yalipoenea nchini Marekani na nyama ikaanza kuuzwa ikiwa imekwisha katwa na kufungwa. Hapo pakahitajika karatasi ambayo mnunuzi angeweza kuona ndani yake. Karatasi hiyo ilikuwa selofani, iliyobuniwa na Jacques Brandenberger wa Uswisi mwanzoni mwa karne ya 20, na kutengenezwa Marekani na kampuni ya DuPont tangu mwaka 1924. Selofani isiyopitisha unyevu iliyofuata ilifaa sana kwa mikate na sigara, lakini kwa nyama ilikuwa na hitilafu: iliizuia oksijeni isiingie, na nyama ikawa nyeusi mbele ya macho ya mteja. Wanakemia wakarudi maabara na kutengeneza aina ya pekee, yenye kuzuia unyevu usitoke na wakati huohuo kuruhusu oksijeni ipenye. Baadaye utando laini wa plastiki ukachukua mahali pa selofani, na kisinia cha povu la plastiki kikawekwa chini, pamoja na taa zilizochaguliwa ili kuongeza wekundu.

Ni wazi kwamba wekundu wa dukani haukuwa hali ya nyama kwa asili yake. Ulikuwa ni kazi ya viwanda, iliyofanywa kwa makusudi na kwa gharama, kwa miaka mingi. Mnunuzi alifundishwa somo, akalishika vizuri mno.

Wakati huohuo nyuma ya duka mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1967 kampuni ya Iowa Beef Packers ilianza kukata ng'ombe vipande vikubwa kiwandani, kuvifungasha vikiwa vimefyonzwa hewa, na kuvisafirisha madukani ndani ya makasha, badala ya kusafirisha nusu nzima za ng'ombe zikining'inia. Njia hiyo iliokoa nafasi, mafuta ya magari na nyama yenyewe, na katika miaka michache ikawa ndiyo njia kuu ya biashara ya nyama ya ng'ombe nchini Marekani. Nyama ilifika dukani ikiwa ya zambarau, mfanyakazi akaikata katika chumba cha nyuma, ikapata hewa, ikawa nyekundu, ndipo ikawekwa mbele ya mteja. Mamilioni ya watu wamekula nyama iliyofyonzwa hewa kwa zaidi ya nusu karne pasipo kujua. Walichokikataa mwaka 2023 si njia mpya ya kuhifadhi nyama, bali ni kuonyeshwa jambo ambalo siku zote lilikuwa nyuma ya pazia.

Ulaya ilifuata njia nyingine, ambayo yafaa kuelezwa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndani ya visinia vingi vilivyoondolewa. Badala ya hewa ya kawaida, ambayo ina takriban asilimia 21 ya oksijeni, pakiti hujazwa mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 70 hadi 80 na kaboni dayoksaidi asilimia 20 hadi 30. Oksijeni huilinda rangi. Kaboni dayoksaidi huwadumaza bakteria. Nyama hubaki nyekundu kwa siku nyingi kuliko iliyo katika hewa ya kawaida. Lakini oksijeni hiyo nyingi hushambulia mafuta ya nyama, ikayafanya yachache, na huziunganisha protini za msuli kiasi kwamba nyama huwa ngumu zaidi mdomoni. Kwa maneno mengine, ulimi na meno vimekuwa vikilipa gharama ya starehe ya macho. Si mara nyingi sayansi ya chakula hutoa mfano ulio dhahiri kama huu wa bidhaa iliyofanywa duni ili ionekane bora.

Macho na ulimi

Je, mnunuzi akishainunua nyama isiyompendeza machoni, ataiona mbaya hata mdomoni? Swali hilo lilichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2001. Watu waliotazama nyama za rangi mbalimbali walipendelea nyekundu kwanza, zambarau ikafuata, na hudhurungi ikawa ya mwisho. Kuhusu pakiti, waliipenda ile ya kawaida ya utando laini kuliko ile iliyofyonzwa hewa. Aidha, kupenda kwao kulikwenda sambamba kabisa na nia yao ya kununua. Lakini ilipofika zamu ya kuonja, rangi na pakiti havikubadili chochote katika alama walizotoa. Chuki ya macho iliishia dukani.

Habari hiyo ingefurahisha, kama si hasara inayotokea kabla ya nyama kufika mezani. Nyama isiyonunuliwa kwa sababu ya rangi hupunguzwa bei, hatimaye hutupwa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2022 ulikadiria kwamba asilimia 2.55 ya nyama ya ng'ombe inayofikishwa madukani nchini humo hutupwa kwa kuwa imebadilika rangi. Asilimia hiyo yaonekana ndogo, lakini ni sawa na takriban kilo milioni 195 kwa mwaka, au ng'ombe wapatao 780,000 waliolishwa, wakanyweshwa na kuchinjwa bure. Plastiki iliyookolewa kwa kubadili pakiti ni jambo jema. Lakini nyama inayookolewa kwa kudumu zaidi huenda ikawa na uzito mkubwa kuliko plastiki hiyo, ukizingatia maji, malisho na hewa chafu inayotokana na ufugaji.

Kwa upande mmoja, hata hivyo, walalamikaji wa Uingereza walikuwa na haki. Nyama ya kusaga si kama steki. Ubora wake umo katika ulegevu wa nyuzi zake, zinazotawanyika zenyewe katika kikaango. Ikifyonzwa hewa hubanwa na kushikamana, na mpishi hulazimika kuipasua kwa mwiko kama udongo. Hilo si suala la mazoea wala la kutoelimika, ni suala la upishi, na maelezo yoyote ya kikemia hayaliondoi. Wako wauzaji wengine katika nchi hiyohiyo waliochagua mfuko mwepesi uliotuna kama mto, usio na kisinia, ambao hupunguza plastiki bila kuibana nyama. Uamuzi huo waonyesha kwamba lawama za wanunuzi zilikuwa na maarifa ndani yake.

Wekundu usiokufa

Wauzaji wengine hawakutaka kumfundisha mnunuzi rangi mpya. Waliona ni afadhali kumpa rangi ileile kwa njia nyingine. Kaboni monoksaidi, hewa ileile inayoua watu waliowasha jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, hushika chuma cha mioglobini kwa nguvu kuliko oksijeni, na rangi inayotokea ni nyekundu angavu, tena ya kudumu. Kiasi kidogo cha asilimia 0.4 tu katika pakiti chatosha. Norway iliitumia njia hii tangu mwaka 1985 hadi 2004, ilipoiacha ili kulingana na sheria za Umoja wa Ulaya, ambazo haziiruhusu. Marekani, kinyume chake, ilianza kuiruhusu katika mwaka 2002 na 2004.

Mjadala uliofuata ulifika hadi katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, ambako kikao cha kamati kilifanyika Novemba 2007. Hakuna aliyethibitisha kwamba kiasi kile cha hewa humdhuru mlaji. Kamati ya wanasayansi ya Umoja wa Ulaya nayo ilisema mwaka 2001 kwamba hakuna hofu ya kiafya, mradi nyama iwekwe katika baridi ya kutosha. Tatizo lilikuwa jingine: nyama iliyotiwa hewa hiyo huweza kuharibika na bado ikawa nyekundu. Ile alama dhaifu ya mnunuzi, ambayo angalau ilikuwa ikisema ukweli mara kwa mara, ilifanywa isiseme kitu kabisa.

Hapa ndipo panapodhihirika kwamba suala la pakiti si la uzuri peke yake. Mwaka 1993, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto 4 wakafariki baada ya kula nyama ya kusaga isiyoiva iliyokuwa na bakteria wa aina ya E. coli O157:H7. Tangu hapo watu walihimizwa kuipika nyama ya kusaga hadi ndani pasiwe na wekundu. Ushauri huo ulionekana wa busara, lakini mioglobini iliuvuruga. Wanasayansi wa Marekani na Norway walionyesha mwaka 1999 kwamba nyama ya kusaga ambayo mioglobini yake imekwisha kuwa hudhurungi huonekana imeiva kabisa ifikapo nyuzi 55 za Selsiasi, hali joto linalohitajika ili kuwaua bakteria papo hapo ni nyuzi 71. Nyama iliyokaa katika oksijeni nyingi nayo ina tabia ya kuwahi kuonekana imeiva. Iliyotoka katika pakiti iliyofyonzwa hewa huchelewa kubadilika, kwa hiyo humlazimisha mpishi kuiacha motoni zaidi. Na iliyotiwa kaboni monoksaidi huweza kubaki na wekundu hata ikiiva. Rangi ya nyama mbichi dukani na rangi ya nyama iliyopikwa jikoni zinatoka katika protini moja, na pakiti huzigusa zote mbili.

Buchani na supamaketi katika Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya nyama hununuliwa bado buchani, ikiwa imening'inizwa, mara nyingi siku ileile aliyochinjwa mnyama. Mnunuzi huuliza nyama imeingia lini, huangalia mhuri wa mkaguzi, huonyesha kwa kidole kipande anachokitaka, na akiwa mzoefu hubishana juu ya mfupa. Rangi ni shahidi mmoja tu kati ya mashahidi wengi. Lakini supamaketi zimekwisha kuingia mijini, na pamoja nazo kisinia na utando wa plastiki, na mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam anayesimama mbele ya jokofu la vioo yumo katika hali ileile ya mwenzake wa London: ana macho tu.

Jinsi macho hayo yanavyoweza kuponza ilionekana nchini Kenya. Julai 2019 kituo cha televisheni cha NTV kilitangaza uchunguzi uliodai kwamba nyama katika baadhi ya supamaketi za Nairobi ilikuwa ikitiwa sodiamu metabaisalfaiti, kemikali inayotumika kuhifadhi baadhi ya vyakula na vinywaji, ili iendelee kuonekana mbichi. Maofisa wa serikali walianza kukagua na kuchukua sampuli, na wananchi wengi walishtuka. Kemikali za jamii hiyo huirudishia nyama wekundu, huharibu vitamini B1 iliyomo, na huweza kumletea mgonjwa wa pumu shida kubwa ya kupumua. Kwa sababu hizo Marekani hairuhusu zitiwe katika nyama. Lililo muhimu kwa mjadala huu ni kwamba hila ya namna hiyo haina faida kwa yeyote mahali ambapo mnunuzi hashurutishi wekundu. Hulipa pale tu ambapo rangi imekuwa ndiyo bei.

Pakiti zenyewe pia zimebadilika, japo kwa njia nyingine kabisa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kwa muda mrefu kabla ya hapo nusu kilo ya nyama ilikuwa ikitumbukizwa katika mfuko mwembamba wa plastiki, ikafungwa fundo, na safari ikawa imekwisha. Marufuku ilipoanza, mchinjaji na mteja walilazimika kutafuta njia nyingine. Karatasi hulowa na kuchanika; gazeti huachia wino; mfuko wa kitambaa hunyonya maji ya nyama na kuwa maskani ya bakteria usipofuliwa. Bakuli lenye kifuniko kutoka nyumbani, ambalo mabibi walilitumia zamani, ni safi kuliko vyote hivyo, lakini mtu anayetoka kazini na kupanda daladala hana bakuli mkononi.

Wako wanaopendekeza kwamba pakiti zilizofyonzwa hewa zitumike kwa wingi katika nchi zetu pia, kwa kuwa hudumu. Jambo hili halina budi kuangaliwa kwa makini. Pakiti ya namna hiyo huwazuia bakteria waharibifu wanaohitaji oksijeni, na kuwaachia nafasi bakteria wa asidi ya maziwa, ambao hukua polepole. Matokeo yake, pande la nyama ya ng'ombe lililowekwa karibu na nyuzi sifuri huweza kukaa majuma kadhaa bila kuoza. Lakini kila kitu hapo kinategemea baridi. Wamo bakteria wengine wasiohitaji oksijeni, akiwemo yule mwenye sumu kali ya botulini, ambao katika joto hustawi ndani ya pakiti hiyohiyo bila harufu kubwa wala rangi ya kuonya. Nyama ya buchani iliyolala bila umeme hutangaza kuharibika kwake kwa harufu hadi mtaa wa pili, na hakuna atakayeinunua. Nyama iliyofungwa vizuri haitangazi.

Kwa hiyo mwenye duka lililo na jokofu la uhakika, jenereta, na gari la kusafirishia lenye baridi aweza kuitumia njia hii kwa faida, na itampasa kuandika kwenye pakiti tarehe ya kufungwa, kiwango cha baridi kinachohitajika, na sentensi moja ya kumweleza mteja kwamba nyama itakuwa nyekundu nusu saa baada ya kufunguliwa na kwamba harufu kidogo ya uchachu inayotoka mwanzoni hutoweka ikipata hewa. Ikiwa harufu hiyo haikutoweka, nyama isipikwe. Mwenye duka ambalo umeme wake hukatika usiku kucha, na asiyekuwa na jenereta, ni heri aendelee kuining'iniza na kuiuza yote kabla ya jua kuchwa.